Kuinua pikapu kwa barabara za Goma: mwongozo kamili wa kupima, kuamua na kufunga

Mwenye pikapu anayeingia garajini Goma na kusema "niinulieni gari" huwa amechoshwa na sauti moja: chuma kugonga jiwe. Ameisikia kwenye vichochoro vya Ndosho, makoro, yale mawe ya lava, yalikochomoza. Ameisikia tena kwenye njia ya Minova, baada ya mvua kuchimba mitaro ya magurudumu na kuacha mgongo katikati. Fundi naye hujibu upesi: tuweke resori ndefu, sentimita 5. Gari linapanda, linapendeza machoni, na wiki mbili baadaye sauti ni ileile.

Sababu yake ni rahisi. Kuinua resori huinua shasi, kabini, tenki na sanduku la gia. Hakuinui ekseli ya nyuma, wala kile kibuyu cha difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) kinachoning'inia katikati yake. Ekseli hubebwa na magurudumu, na umbali wake kutoka ardhini unatoka kwa tairi peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya resori, tafuta kwanza ni kitu gani hasa kinachogonga.

Kupaka chokaa na kusoma alama

Osha gari chini, liache likauke, kisha chukua chokaa ya maji na brashi. Paka kibuyu cha difu, vishikio vya chini vya amotisa (vile vyuma vinavyotuliza mruko wa resori), ncha za yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga resori kwenye ekseli), bamba la chini ya injini, chuma kinachobeba sanduku la gia, bomba la moshi, tenki, tairi la akiba na ndoano ya kuvutia. Msimu wa mvua chokaa haidumu, hivyo tumia rangi nyeupe ya mafuta iliyo rahisi. Kisha tembea siku mbili au tatu kwenye njia zako za kila siku, na mzigo wako wa kila siku. Usiende kutafuta shimo la kujaribia: unachotaka kujua ni maisha halisi ya gari hilo.

Ingia chini uisome. Kama rangi imefutika kwenye difu, kwenye vishikio vya amotisa au kwenye yubolti, resori ndefu haitakusaidia hata milimita moja. Mara nyingi kinachogonga hapo ni mikia ya yubolti iliyoachwa mirefu kupita nati. Ikate, ubakize nyuzi tatu hivi, na tatizo hilo limekwisha bila gharama.

Kama imefutika kwenye tairi la akiba au ndoano, gari linagonga linapotoka shimoni. Hamishia tairi la akiba kwenye karoseri, fungua ndoano usiyoitumia, kisha upake upya na kujaribu tena.

Alama kwenye bamba la mbele, chuma cha sanduku la gia, bomba la moshi, vidato vya pembeni au tenki ndizo zinazotibika kwa kuinua. Hapo nawe angalia ukubwa wa jeraha. Mkwaruzo mwembamba unaometa maana yake jiwe limepita likigusa tu, na milimita 20 au 30 zinatosha. Chuma kikiwa kimebonyea, gari limeangukia jiwe kwa uzito wake. Huenda amotisa zimekufa au mzigo umezidi, na hayo yana dawa yake.

Alama ya mwisho huiona watu wachache: raba za kuzuia, zile zinazosimamisha ekseli isigonge shasi. Zikiwa zimepasuka au zinang'aa kwa kugongwa, resori imechoka. Gari la namna hiyo linahitaji kurudishiwa urefu wake wa kiwandani kabla ya kufikiria kuliinua zaidi.

Kupima urefu ulio nao leo

Simamisha gari kwenye saruji iliyo sawa, tenki likiwa nusu. Lisukume kwa mikono mita mbili tatu na uliache lisimame bila breki, resori zitulie. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake, pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo litakudanganya. Fanya hivyo mara mbili, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wa kawaida, na uandike namba zote kwenye karatasi utakayoitunza.

Tuseme umepata mbele kushoto milimita 482 na mbele kulia 496. Tofauti ya milimita 14 si ya kawaida, resori ya kushoto imelegea. Tafuta gari la aina ileile lenye umri mdogo na ulipime vilevile. Pikapu iliyobeba makala (makaa) na saruji kwa miaka mingi huweza kuwa imeshuka milimita 30 au 40 chini ya urefu wake wa asili. Mwenye gari hilo akiweka resori mpya za kawaida, anapata karibu chote alichokuwa anatafuta, na hakuna pembe yoyote ya gari iliyobadilika.

Angalia pia majani ya resori ya nyuma. Gari likiwa na mzigo wa kawaida, jani refu linapaswa kukaribia kunyooka. Likipinda kwa upande wa pili, kama bakuli lililofunikwa, basi ama mzigo umezidi ama chuma kimekufa. Safisha majani kwa dizeli, yapanguse, uyaache nusu saa. Ufa hujionyesha kama uzi mweusi, mara nyingi karibu na bolti ya katikati au pale jani fupi linapoishia chini ya lile refu. Jani lenye ufa halichomelewi. Na usikubali majani yapashwe moto kwa gesi na kupigwa nyundo ili "yapande": moto unaondoa ugumu wa chuma, na gari litashuka tena upesi.

Tairi linatoa nini

Hesabu yake ni fupi. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. La 265/75R16 lina 804. Tofauti ni 27, na nusu yake, yaani milimita 13 na kidogo, ndiyo inayoongezeka chini ya difu. Zinaonekana chache, lakini ni milimita pekee ambazo difu itazipata. Ukienda hadi 285/75R16, kipenyo ni 834 na difu inapanda milimita 28. Hapo tairi huanza kusugua fenda na shasi unapokata kona hadi mwisho.

Tairi kubwa lina deni lake. Kutoka 777 kwenda 804 kasi halisi inazidi ile ya dashibodi kwa asilimia 3 na nusu. Kwenda 834 inazidi kwa asilimia 7. Injini inavuta kama vile gia zimekuwa ndefu, na hilo utalisikia kwenye milima ya kuelekea Bukavu ukiwa na tani moja nyuma. Breki nazo zinasimamisha gurudumu zito zaidi.

Kwa mawe ya Goma, aina ya tairi ni muhimu kuliko ukubwa. Lava iliyoshuka mjini mwaka 2002, na ile ya 2021 iliyosimama kando ya mji, imeacha mawe yenye makali yanayochana ubavu wa tairi. Chukua tairi la magari ya mizigo lenye ubavu wa tabaka nyingi, usichukue la gari dogo eti kwa sababu ni pana.

Mzigo ndio unaochagua resori

Resori huuzwa kwa mzigo zaidi kuliko kwa urefu. Zipo za gari linalotembea tupu, za mzigo wa kudumu wa kilo 300 hivi, na za zaidi ya hapo. Mtu anayebeba watu wawili na boksi la vifaa akifungiwa resori za kilo 500, nyuma itakuwa ngumu kama benchi, gurudumu litarukaruka kwenye makoro na kupoteza mshiko, na mgongo wa dereva utalipa. Anayebeba magunia kila siku akifungiwa resori laini ndefu, gari litasimama juu asubuhi likiwa tupu na kurudi chini mara tu magunia yanapopanda.

Jambo moja lishikwe kwa nguvu: resori ngumu haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Ekseli, beringi, breki na shasi ni zilezile. Nyuma inapoacha kushuka, dereva huona bado kuna nafasi ya magunia manne, na hapo ndipo shasi hukatika nyuma ya kabini.

Njia za kuinua, na ipi ina maana

Njia iliyo bora ni resori mpya pamoja na amotisa zilizotengenezwa kwa urefu huo. Amotisa ya zamani ikiachwa, inakuwa fupi: gurudumu linaposhuka shimoni, amotisa ndiyo inayolishika badala ya resori, na baada ya muda inachanika au inang'oa kishikio chake.

Kipande cha chuma juu ya amotisa ya mbele ni rahisi, na ndipo watu wengi huumia kwa hesabu. Kwenye pikapu zenye mikono miwili mbele (wa juu na wa chini kwa kila gurudumu), kama Hilux za tangu 2005, resori inakaa katikati ya mkono wa chini. Kipande cha milimita 25 huinua gurudumu karibu mara mbili ya hapo. Anayeweka kipande cha milimita 50 akitaka sentimita 5 anapata karibu 10, na viungio vya ekseli za mbele havidumu. Isitoshe, kipande hakiongezi mwendo wa gurudumu. Kama lilikuwa na milimita 100 za kushuka, ukiinua 50 linaweza kubaki na 50, na huenda ukasikia "tok!" kila linapoangukia shimoni.

Nyuma, kuongeza jani moja ni jambo la busara kwa anayebeba mzigo daima, mradi majani mengine ni mazima. Jumeli ndefu, vile vyuma viwili vinavyobembea mwishoni mwa resori, huinua nusu tu ya urefu ulioongezwa: sentimita 5 za chuma zinatoa 2 na nusu. Pia zinageuza pembe ya difu na kulifanya gari liyumbe ubavuni. Bloku ya chuma kati ya resori na ekseli huvumilika nyuma ikiwa fupi na ni kipande kimoja. Bloku mbili zikipangwa juu ya nyingine, hapana. Bloku ya ubao, kamwe. Bloku kwenye ekseli ya mbele, kamwe: breki ikishikwa, ekseli inajizungusha na bloku inaruka.

Kuinua kabini juu ya shasi hakufai kwa kazi hii. Kila kinachogonga kinabaki palepale.

Kwa Land Cruiser 79, yenye ekseli nzima mbele na resori za mviringo, viungio vya nje havina shida hiyo, lakini ekseli inajigeuza kidogo gari linapopanda na usukani unapoteza tabia ya kujirudisha katikati. Pia chuma kinachoishika ekseli kwa ubavu kinaivuta upande mmoja. Ukiinua milimita 50, weka kwenye bei raba za bushi zenye tundu la pembeni, na chuma hicho kiwe cha kurekebishika.

Kiasi gani

Kwa gari linaloishi kati ya Goma, Sake na Minova, milimita 30 hadi 40 juu ya urefu wa kiwandani zinatosha. Hamsini ni mpaka. Ukipita hapo kwenye gari lenye mikono miwili mbele utahitaji mikono mipya ya juu, na wengine watakushauri uteremshe difu ya mbele ili viungio vinyooke. Fikiria hilo vizuri: unalipa kuinua gari, halafu unateremsha kitu kilichokuwa kinagonga.

Kisha kuna kupinduka. Chukua gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 70 juu ya ardhi. Kwa hesabu ya karatasi linapinduka kwenye mteremko wa ubavu wa digrii 47. Liinue sentimita 5, ni 45. Jaza magunia na watu juu yake hadi kitovu kifike sentimita 95, ni 38. Barabarani zote zinapungua, kwa sababu tairi hubonyea, resori hulala na mtu aliyekaa juu ya magunia huegemea upande uleule unaoanguka. Gari linalobeba watu juu ya mzigo kwenye njia za kandokando ya ziwa halipaswi kuinuliwa kupita urefu wake wa kiwandani, hata mwenyewe akisisitiza.

Usiinue pia kama rotuli (viungo vya duara vya mikono na usukani) zinacheza, kama shasi ina ufa au kutu inayomeguka, au kama fedha inatosha resori tu bila amotisa, yubolti mpya na kupima magurudumu. Ngoja. Kwa fedha hiyohiyo nunua bamba la chuma la milimita 4 la kulinda injini na sanduku la gia. Kwa magari mengi ya mjini, bamba hilo na resori za kawaida zilizo mpya vinamaliza shauri. Ukiamua kuinua, mjulishe mwenye bima kwa maandishi kabla ya kazi.

Kufunga

Andaa jeki ya tani 3, stendi nne imara, ufunguo wa kupimia nguvu ya bolti, yubolti 4 mpya na nati zake 8, raba za bushi za resori zote mbili za nyuma, na bolti mbili za katikati. Yubolti za zamani hazirudishwi: zimeshavutika na hazitashika tena sawasawa. Usiku wa kuamkia kazi, lowanisha bolti zote kwa mafuta ya kulegeza kutu.

Anza nyuma. Shasi ikae juu ya stendi, jeki ibebe ekseli. Fungua amotisa, kisha yubolti, na uteremshe ekseli polepole huku mwenzako akitazama bomba la breki, waya wa breki ya mkono na kibomba cha kupumulia cha difu. Kimoja kikikaza, simama. Weka resori mpya, jicho la mbele kwanza, kisha jumeli, ukikaza kwa mkono tu. Hakikisha kichwa cha bolti ya katikati kimeingia kwenye tundu lake la ekseli. Kaza yubolti kwa msalaba, raundi tatu, hadi kipimo cha kitabu cha gari.

Mbele, fungua viungo vya chuma cha kuzuia kuyumba, tenganisha rotuli ya juu, na ufunge kitovu kwa waya kisije kikaning'inia kwenye bomba la breki. Amotisa imeshikwa juu na nati tatu za pembeni. Fungua hizo tatu. Nati ya katikati usiiguse, kwa sababu ndiyo inayozuia resori iliyobanwa, na ikiachia inaua. Kubadilisha resori kunataka kibano chake maalumu, si kamba wala mnyororo.

Kosa linaloharibu kazi nzuri kuliko yote huja mwishoni: kukaza bolti za bushi magurudumu yakiwa yananing'inia. Raba inashikwa ikiwa imejipinda, gari likishuka inajisokota, na baada ya miezi michache imechanika na inalia. Shusha gari, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze bolti za mikono na za macho ya resori, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu.

Sasa breki. Pikapu nyingi, Hilux zikiwemo, zina vali inayounganishwa kwa fimbo kutoka shasi hadi ekseli ya nyuma. Fimbo huiambia vali kama gari lina mzigo. Ukiinua nyuma, vali inadhani gari ni tupu siku zote, na inapunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umebeba tani. Sogeza kishikio cha fimbo kwa kiasi kile kile ulichoinua. Mafundi wengi huisahau, kwa hiyo iulizie kwa jina kabla hujalipa.

Inua tena gari magurudumu yaning'inie kabisa, uangalie kama bomba za breki na waya bado zina ulegevu. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Sikiliza tairi.

Baada ya hapo

Peleka gari kupimwa magurudumu siku ileile. Mashine nyingi hupima uelekeo wa ndani na nje tu, na hiyo haitoshi. Tafuta inayopima pia mlalo wa gurudumu na mwelekeo wa mhimili wa usukani, uombe karatasi ya kabla na ya baada. Usukani usiojirudisha wenyewe, au gari linalotangatanga kwenye lami, ni dalili kwamba kipimo hicho cha tatu kimepungua.

Rekebisha taa. Simama mita 10 kutoka ukutani na mzigo wa kawaida: ukingo wa juu wa mwanga wa chini uwe sentimita 10 chini ya urefu wa taa yenyewe.

Nenda Sake na kurudi mara mbili, kama kilomita 100, kisha kaza yubolti tena. Rudia kilomita 500 na 1000. Kila mara tazama upande wa ndani wa rimu za mbele: grisi iliyorushwa pale maana yake raba ya kiungio imechanika, na mchanga wa volkano ukiingia humo hakina siku nyingi. Gari likitetemeka unapoondoka kwenye gia ya kwanza na kutulia ukishika kasi, pembe ya kadani (mhimili unaopeleka nguvu kutoka sanduku la gia hadi difu) imeharibika. Dawa yake ni kabari za chuma kati ya resori na ekseli, au kushusha kidogo beringi ya katikati.

Kwenye kilomita 1000 toa ile karatasi ya kwanza na upime tena kitovu hadi fenda, pembe zote nne. Resori mpya hushuka milimita chache inapozoea kazi. Upande mmoja ukiwa umeshuka zaidi ya milimita 10 kuliko mwingine, irudishe kwa aliyeiuza ukiwa na namba zako mkononi, kisha paka chokaa tena chini ya gari.